Vitunguu Vinavyozaa Kichwani

Wusi,
22 Julai 2024

Mama Calvince,

Salamu. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imetukalia shingoni. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningepayuka, nawe ungepayuka, kisha mmoja wetu angekata. Barua haikatwi. Noah, anayeshusha kabichi sokoni Voi Jumanne na Ijumaa, anasema anakijua kibanda chako cha omena, wale dagaa wa ziwani, basi nimempa yeye.

Nianze na vitunguu. Krismasi iliyopita Wendy aliponitembelea alikuja na mkebe uliotoka kwako, umejaa vitunguu vyembamba vyenye majani. Aliniambia, "Mama Calvince anakusalimia, anasema upande hivi, havifi." Nikavipanda kwenye tuta la juu, karibu na jiko, na nikashukuru, kwa maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kupokea kitu kutoka kwa mkono wako.

Sasa sikia. Mimi nimelima vitunguu tangu nikiwa msichana. Kitunguu kikikomaa hutoa ua jeupe, ua likakauka, likawa mbegu. Vyako tangu baridi ianze vimetoa bua nene, tupu ndani, na juu ya bua hakuna ua. Kuna vitunguu. Vidogo kama punje za mahindi, vyekundu, vimeshikana kama vifaranga, na kila kimoja kimeota jani lake hukohuko juu hewani. Kuna bua moja ambalo juu ya vile vidogo limetoka bua lingine, nalo lina vidogo vyake. Mukonyo, jirani yangu, alipoviona aliweka jembe chini. Akasema, "Mable, kitu kinachozaa bila ua kimeiba uzazi wa mtu."

Mimi ni mtu wa kanisa. Nimefundisha watoto shule ya Jumapili miaka mingi na sijawahi kuingia kwa mganga. Lakini pia mimi ni mama. Mwanangu Wendy amepoteza mimba tatu tangu aolewe kwako, zote zikifika miezi mitano. Ya mwisho ilitoka Februari, vitunguu vyako vikiwa vimeshika mizizi shambani mwangu. Leo asubuhi nimeng'oa nusu yake na kuvitupa bondeni. Nusu nimeacha ili nikuulize kwanza. Umeniletea nini nyumbani kwangu?

Calvince alifika hapa Jumapili akimtafuta mke wake. Nilimwambia sijamwona. Ninachojua ni kwamba mwanamke hatoki kwa mumewe bila sababu.

Nangoja jibu lako.

Mable Mwandawiro,
Mama Wendy


Voi,
25 Julai 2024

Mzazi mwenzangu Mama Wendy,

Barua yako nimeisoma hapa kibandani mara tatu, wateja wakingoja na bakuli mkononi. Mara ya kwanza nilikasirika, nikasema huyu mama wa milimani ananionaje? Mara ya pili nililia kidogo. Mara ya tatu nilifika pale pa vitunguu nikasahau yale mengine yote.

Ni kweli? Vimezaa kichwani? Wewe umeviona kwa macho yako?

Ngoja nikueleze. Nilipoletwa Voi na marehemu mume wangu Oduor, tulipewa chumba kwenye nyumba za reli. Jirani yangu alikuwa mama Mkamba anaitwa Nzembi, mumewe alikuwa mtu wa ishara za treni. Nyuma ya nyumba yake, pale maji ya kuogea yanapotokea, alikuwa na vitunguu hivyo. Alivikuta hapo, na aliyekaa hapo kabla yake pia alivikuta. Nzembi alipohama aliniachia. Akaniambia, "Ajwang', usivinunulie mbegu, havina mbegu. Siku vikifurahi vitazaa kichwani. Bua litalemewa, litainama lenyewe, na litawapanda watoto wake chini. Mwaka ujao utavikuta vimesogea hatua moja."

Mama Wendy, nimengoja kuona jambo hilo tangu Calvince akiwa wa kunyonya. Sijawahi. Hapa kwetu joto linavichosha, vinatoa majani tu. Ninakata majani naweka kwenye omena, nikitaka kuongeza nagawanya shina. Mwishowe nikasema Nzembi alikuwa ananitania. Sasa wewe unaniandikia kwa hasira kwamba ulichokiona ni kile nilichoambiwa! Ni baridi yenu hiyo, hakuna kingine. Tafadhali, hivyo vilivyobaki usiving'oe. Na kile chenye bua juu ya bua, nichoree.

Sasa hayo mengine. Kama ningekuwa na dawa ya kuiba uzazi, mimi ningekuwa na mtoto mmoja? Nilizika wawili kabla ya Calvince na mmoja baada yake. Wendy alipopoteza wa kwanza, nilimwogesha mimi. Wa pili pia, na wa tatu. Ninajua maji ya moto yanatakiwa yawe ya moto kiasi gani. Sikuombi unihurumie. Nataka tu ujue ni nani unayemwandikia.

Siku Wendy alipoondoka alikuwa amefua leso zangu zote na kuzianika. Mtu akiwa na hasira nawe hafui leso zako. Nimejiuliza mpaka nimechoka ni nini nilimfanyia. Calvince anakwenda kazini kwenye reli, anarudi, anakaa na viatu miguuni.

Jambo moja tu, kama utamwona. Tunaimba kwaya na mama mmoja, Everlyne. Binti yake alikuwa na shida hiyohiyo, mimba zikifika miezi mitano zinateleza. Akapata daktari hapa Voi, mwanamke, ambaye alimwambia tatizo si damu wala si laana, ni mlango wa kizazi ambao haukazi. Unalegea mtoto akianza kuwa mzito. Anaushona kwa uzi mapema, mwezi wa tatu ukiisha, na mama analala kwa utulivu mpaka karibu na kuzaa. Huyo binti sasa ana mtoto anayekimbiza kuku. Kwa hiyo Wendy akipata mimba tena, popote alipo, na hata kama si kwa mwanangu, mwambie asichelewe. Ikishapita miezi minne kazi inakuwa ngumu.

Ni mimi,
Ajwang'


Wusi,
27 Julai 2024, asubuhi

Mama Calvince,

Sikumngoja Noah. Barua hii nimempa dereva wa gari la Mwatate na nimemwambia akuwekee mkononi wewe mwenyewe. Ningepiga simu, lakini Wendy yuko chumba cha pili, kuta zetu ni mbao, na sitaki asikie.

Ndiyo, yuko kwangu. Alikuwa kwangu hata siku Calvince alipobisha. Alijificha nyuma ya kitanda kama mtoto, na mimi nikadanganya nikiwa nimesimama mlangoni na Biblia iko mezani nyuma yangu.

Ana mimba. Mwezi wa tatu unakaribia kwisha. Nilikuficha kwa sababu niliogopa mkono wako usiifikie. Naandika hivyo ili usiwe na shaka kwamba sasa nasema kweli.

Jana nilipofika pale ulipoandika habari za daktari, niliikunja barua nikaingia chumba cha pili. Nilimwambia Wendy, "Twende Voi." Akakataa. Nikamuuliza, "Mama mkwe wako alikufanyia nini?" Mwishowe akasema. Alikusikia ukiongea na dada yako kwenye simu, jikoni kwako, kwa Kijaluo. Kijaluo chake ni cha kununulia samaki, anajua hivyo. Lakini anasema maneno haya aliyasikia bila kukosea: kwamba Calvince ameteseka vya kutosha, sasa atafute mwingine. Wakati huo alikuwa ameshajua kwamba ana mimba na hakuwa amemwambia mtu. Akafua, akaanika, akaondoka.

Je, ulisema?

Nijibu kama unayejibu mbele ya Mungu. Kama ulisema, nitafute njia nyingine ya kumfikia huyo daktari, na wewe na mimi tuachane kwa heshima. Dereva anarudi leo jioni.

Mable


Voi,
27 Julai 2024

Mama Wendy,

Nilisema. Kila neno.

Nilisema mwanangu ameteseka vya kutosha, na mke wake pia, na kwamba Calvince atafute mwingine. DAKTARI! Yule waliyekuwa wakimwendea aliwapa vidonge vya damu mara tatu na kuwaambia wajaribu tena. Dada yangu ndiye aliyekuwa ananiambia tumheshimu kwa sababu ni wa zamani. Mimi nikamwambia heshima haijazaa mtoto, atafute mwingine. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Everlyne kuulizia jina la huyu mama daktari. Nilirudi nikiwa na jina, nikakuta leso zimekauka na Wendy, mtoto wetu, hayupo.

Ungeniona ninavyoandika. Dereva amekaa kwenye ndoo yangu ya samaki ananiharakisha, na mimi machozi yananichafulia karatasi. Sijui kama nacheka.

Mwambie Wendy hivi: mimi Ajwang' nilibakiwa na mvulana mmoja, na Mungu akaniletea binti kwa gari kutoka milimani. Sitafuti mwingine wa aina hiyo.

Mlete Alhamisi. Daktari huwa hapo Alhamisi. Kama hataki kukaa kwangu, nitamtafutia chumba. Calvince sitamwambia neno, hilo ni la mke wake. Lakini msichelewe, nakuomba. Hata kama bado una shaka nami, njoo nayo, tutakaa nayo hapa Voi.

Ajwang'


Voi,
19 Agosti 2024

Mama Wendy,

Noah amekuletea sukari na samaki wawili wakavu, usiseme nimekutumia mzigo wa ajabu tena.

Tumeshonwa! Nasema "tume" kwa sababu niliumwa tumbo siku nzima. Daktari anasema kazi imekwenda vizuri, na kwamba tumewahi. Mlango ulikuwa umeanza kulegea. Wendy amelala kwenye kitanda changu kikubwa, karibu na dirisha. Calvince bado analala kwenye nyumba yao ya kukodi ng'ambo ya barabara, maana kwa desturi yetu mwana aliyeoa halali tena chini ya paa la mama yake. Lakini kabla ya kazi yuko hapa, baada ya kazi yuko hapa. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Wendy akamwambia, "Ingia basi, unaleta nzi." Ndiyo maneno yaliyowapatanisha. Sisi wazee tungetaka maombi na hotuba.

Ulipomleta ulikaa kwenye benchi la nje. Nilikuona unavyokitazama kikombe cha chai mpaka kikapoa. Sikukasirika. Ungekuwa ni mimi, labda hata benchi nisingekalia.

Lakini lile bua juu ya bua ulilonipa, umelifunga kwa gazeti, ukaniwekea mikononi! Nimelikausha juu ya kabati. Wanawake wa kwaya wamekuja kuliona kama wanaotazama mtoto. Nimehesabu vitunguu vyake, nikapoteza hesabu, nikaacha.

Ajwang'


Wusi,
8 Oktoba 2024

Mama Calvince,

Nakushukuru kwa habari unazonitumia. Najua mwezi huu ndio ule wa tano. Sitaki uniambie kwa upole. Likitokea jambo niambie jambo.

Mimi mikono yangu haitulii, basi nalima. Ng'ombe wangu ana ndama tumboni na siwezi kumwachia mtu, la sivyo ningekuwa hapo kwako nimekaa ndani, si benchini.

Nikupe habari za vitunguu. Vile nilivyotupa bondeni kwa hasira, nilidhani vimeoza. Wiki iliyopita mvua za kwanza zilinyesha, nikateremka kukata majani ya ng'ombe. Vimeshika pote! Vingine vimeota juu ya jiwe lenye udongo wa kujaza kiganja tu. Na vile vya tuta la juu vimefanya kama alivyosema yule Nzembi wako. Mabua yameinama, vichwa vimegusa ardhi, na kila kijitunguu kimeingiza mizizi yake pale kilipoangukia. Nilichuchumaa nikavitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kwamba kitu kilicholemewa kimeshindwa. Vitunguu hivi bila kulemewa haviwezi kupanda watoto.

Mukonyo alikuja jana na bakuli chini ya leso. Alizungukazunguka, akasifu ndizi zangu, akasema mvua ni nzuri. Mwishowe akasema, "Vile vitunguu vya mkwe mwenzio, vile vya… havihitaji kununuliwa mbegu, sivyo?" Nikamwambia, "Mukonyo, si ulisema vimeiba uzazi?" Akasema, "Nilisema? Nilikuwa na njaa siku hiyo." Nikamjazia bakuli. Amevipanda nyuma ya nyumba asionekane na watu wa kanisa.

Nimevila pia. Ni vikali kuliko vya dukani, lakini ukivikaanga vinalainika.

Mwambie Wendy nimemfumia sweta ya mtoto. La, usimwambie. Bado.

Mable


Voi,
10 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Ni mimi Wendy. Nimegundua kwamba nyinyi wawili mnaandikiana juu yangu kana kwamba mimi ni shamba mnalolima kwa zamu. Leo nimeomba karatasi.

Nimepita. Nimepita mwezi wa tano, nimepita wa sita. Mtoto anapiga teke Calvince akiimba, sijui ni kwa furaha au kwa sababu Calvince hajui kuimba.

Nina jambo la kukwambia, na Mama Calvince akijua nimekwambia atanuna. Wiki ile ulipoandika habari za Mukonyo, mimi nilikuwa hospitalini. Niliona damu. Nililazwa siku kadhaa. Barua yako alinisomea wodini, akiigiza sauti ya Mukonyo, mpaka muuguzi akatuambia tunyamaze. Nilimwambia, "Mwambie mama." Akasema, "Mama yako yuko peke yake huko juu na ng'ombe. Akisikia atashuka kwa miguu gizani. Akisikia kitu, asikie kizuri."

Nilimwona anatoka nje ya wodi kila mara na kurudi amenawa uso. Uzi ulishika. Damu ikakauka.

Mama, miezi hii yote analala chini kwenye mkeka karibu na kitanda changu. Goti lake halikunjiki vizuri asubuhi. Nikimwambia apande kitandani anasema sakafu ina upepo.

Na lile neno nililosikia jikoni, nimemwomba msamaha. Aliniambia nisimwombe msamaha, nijifunze Kijaluo. Sasa kila siku ananifundisha maneno, na nikikosea anacheka mpaka anashika ukuta.

Usimkasirikie.

Binti yako,
Wendy


Voi,
13 Januari 2025

Mama Wendy,

Barua yako ya Novemba ilikuwa kali na ilikuwa haki. Uliniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kuchagua nini moyo wako unaweza kubeba. Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Ndiyo maana nilikuandikia mistari miwili tu wakati wa Krismasi. Nilikosea. Nilikuona kama mtu wa kulindwa, na wewe ni mama yake.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimelipanga na sitaki ulipangue. Daktari atautoa uzi mwisho wa mwezi huu. Anasema baada ya hapo uchungu unaweza kuanza wakati wowote. Wewe umeniambia ndama amezaliwa, ng'ombe anakamuliwa, huwezi kuja. Hilo linatengenezeka. Mimi nilikamua ng'ombe nyumbani kwetu mpaka nilipoolewa. Nitapanda Wusi niangalie ng'ombe wako, na wewe utashuka Voi ukae na mwanao.

Najua utasema, "Lakini wewe ndiye uliyemtunza, wewe ndiye unayestahili kuwa hapo." Nimelifikiria hilo, na kwa kweli lilinichoma. Natamani kuwa hapo kuliko ninavyoweza kukuandikia. Lakini zile mara tatu mbaya nilikuwa hapo mimi, na wewe ulizisikia kwa simu. Haiwezekani uzisikie kwa simu zote nne.

Kibanda Everlyne atanishikia. Ufunguo utaupata kwa Calvince. Kitanda ni cha kwako, usilale chini, upepo wa sakafu ulikuwa uongo.

Ajwang'


Wusi,
26 Januari 2025

Mama Wendy,

Tulipishana njiani kama tulivyoogopa! Noah ananiambia gari lako lilikuwa linateremka wakati letu linapanda. Nilipunga mkono kwa kila gari, labda moja lilikuwa lako.

Ng'ombe wako hanipendi. Jana alinipiga teke, ndoo ikaenda huko na mimi huku. Mukonyo alinikuta chini. Akaniinua, akanipangusa, akasema, "Wewe ndiye mkwe mwenzie wa Voi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilikufikiria mrefu." Leo ameniletea viazi na tumekamua pamoja, yeye kashika mkia.

Asubuhi nilikwenda kwenye tuta kabla sijanawa uso. Mama Wendy, vimeshateremka! Kile cha juu kimepanda watoto, watoto wameshakuwa wakubwa na wao wametoa majani. Nilivuka kutoka shina mpaka shina mpaka nikajikuta mbali na jiko. Nilitamani Nzembi awe hai nimwombe radhi kwa kumwita mtu wa mzaha.

Nyumba yako ni baridi na tulivu. Nimekaa kwenye kiti chako. Nimeiona sweta uliyofuma, imekunjwa juu ya sanduku. Umeisahau? Nitakuja nayo.

Simu nimeining'iniza dirishani pale unapopata mtandao. Sitoki hapa.

Ajwang'


Voi,
2 Februari 2025

Ajwang' mwenzangu,

Calvince alikupigia, najua. Najua pia kwamba alilia na hukusikia kitu zaidi ya "msichana" na "wazima." Kwa hiyo yaliyobaki nakuandikia mimi, nikiwa mezani kwako, nikitumia kalamu yako inayovuja.

Uchungu ulianza Alhamisi asubuhi, uzi ukiwa umeshatolewa, Wendy akichambua mchele. Alisema, "Mama, nadhani," na hakumaliza. Tulifika hospitalini jua likiwa limeanza kuwaka. Daktari alifika akila ndizi, akamwangalia, akasema huyu leo hana haja nasi, anajua kazi yake. Wakaniruhusu nikae kichwani pake.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Alipobanwa sana alipiga kelele, "Mama!" Nikamshika mkono nikasema, "Niko hapa, mwanangu." Akafungua macho, akanitazama, akasema, "Najua uko. Mama Calvince yuko wapi?"

Kitu kilinipita kifuani, Ajwang'. Kwa muda mfupi kiliniuma. Halafu kikawa kitu kingine, kama mtu aliyebeba mzigo peke yake akasikia upande mmoja umeinuliwa. Nikamwambia uko Wusi, unapigwa mateke na ng'ombe. Akacheka. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na mtoto akatoka katikati ya kicheko hicho. Muuguzi akasema hajawahi kuona.

Ni mweusi wa kung'aa kama baba yake. Ana nywele mpaka shingoni. Alilia kwa sauti nzito, na mimi niliyezoea ukimya wa zile simu tatu nilisema, "Mwacheni alie. Mwacheni alie kwanza." Wakamwacha kidogo. Sauti hiyo ningeisikiliza mpaka kesho.

Calvince anasema aliyezaliwa jua likiwa juu ni Achieng', hakuna mjadala. Nimemwambia kwetu pia tunaangalia saa, angezaliwa usiku angekuwa Wakio na hapo ningepigana. Wendy amesema hakuna jina litakaloandikwa mpaka bibi yake mwingine afike, kwa hiyo kwenye kadi ya kliniki ameandikwa "mtoto wa Wendy" na kila anayeingia anauliza kwa nini.

Basi teremka. Mukonyo amekubali kukaa na ng'ombe, nimeshaongea naye. Usipike, usipange, usilete samaki, wewe unatoka milimani sasa. Goti lako nimelinunulia dawa ya kuchua. Kitandani mtoto analala katikati, Wendy upande wa dirisha, mimi ukutani. Tumejaribu kusogea. Ukilala ubavu, unaenea.

Mable